Jicho ni Amana: Je, Yafaa Kulipasua ili Kuacha Miwani?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia kusikia na kuona, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake.

Amma baad. Kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa letu ametuuliza suala ambalo twaona ni vyema kulijibu hapa, kwani si yeye peke yake mwenye haja ya jawabu. Macho yake hayaoni mbali, naye huvaa miwani tangu utotoni. Amesikia kuwa yako matibabu ya leza yanayomwezesha mtu kuiacha miwani, na babake yu tayari kumlipia. Lakini ami yake amemkataza. Amemwambia kuwa huko ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Mungu, na kuwa mwenye kufanya hivyo hana tofauti na mwenye kuchanja mwili au kuchonga meno. Na rafiki zake nao wamemwambia: "Jicho ni lako na fedha ni za babako. Wamuuliza sheikh wa nini?"

Sisi hatulijibu suala hili kama msimulizi wa nchi asiyoifika. Sisi wenyewe tulipasuliwa macho yetu kwa leza, huko Nairobi, katika mwezi wa Shaaban mwaka 1444, yaani Machi 2023. Basi tutasema kwa ilimu tuliyosomeshwa, kisha kwa yaliyotupata, na msomaji atapima mwenyewe.

Kwanza yafaa tulijue jambo lenyewe, kwani kuhukumu kitu ni tawi la kukijua. Mbele ya jicho pana ngozi angavu kama kioo, madaktari huiita konea. Kazi yake ni kuikusanya nuru na kuipeleka kwenye utando ulio nyuma ya jicho. Asiyeona mbali, aghlabu jicho lake ni refu kupita kiasi, au konea yake imebinuka mno, na kwa hivyo nuru hukutana kabla ya kuufikia utando huo. Miwani huirudisha nuru mahali pake. Leza nayo huikwangua konea kidogo katikati, ikawa bapa zaidi, na nuru ikafika inapotakiwa. Unene wa konea hapo katikati ni kama nusu milimita tu, na kinachoondolewa kwa mtu ambaye udhaifu wa macho yake ni wa kadiri ni pungufu ya sehemu moja katika kumi ya milimita.

Wala ilimu hii haikushuka kwa siku moja. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri zaidi ya miaka 900 iliyopita, ndiye aliyebainisha kuwa kuona hutokana na nuru iingiayo jichoni, si nuru itokayo jichoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Na mwaka 1981 wataalamu watatu wa kampuni ya IBM huko Marekani, Srinivasan, Wynne na Blum, waliijaribu leza ya namna hii juu ya mabaki ya nyama ya bata mzinga, wakaona kuwa yakata bila kuunguza pembezoni. Miaka ya 1980 haikwisha ila imeshatumiwa katika macho ya watu.

Sasa tuingie katika hoja ya ami. Twasema kuwa ghera yake ni njema, lakini kipimo chake kimepotoka. Ni kweli kwamba Qurani imelishutumu jambo la kubadilisha maumbile, na Hadithi zimewalaani wachonga meno na wachanjaji. Lakini wanazuoni wameeleza kuwa lawama hiyo ni kwa anayebadilisha kwa ajili ya urembo na kuwahadaa watu, si kwa anayeondoa maradhi au kasoro. Imepokewa kuwa sahaba Arfaja alikatwa pua yake katika vita, akajiwekea pua ya fedha. Ilipotoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajiwekee pua ya dhahabu, na dhahabu kwa wanaume ni haramu. Iwapo pua, inayoonekana na kila mtu, iliruhusiwa, vipi kukatazwa kitu kilichomo ndani ya konea, ambacho hata mke wa mtu hawezi kukiona? Aliyepasuliwa kwa leza uso wake ni ule ule. Hakumhadaa mtu.

Ami aweza kutujibu kwa hoja yenye nguvu zaidi, nasi hatutaificha. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (r.a.) alipopatwa na maji ya macho aliambiwa kuwa yuko awezaye kumtibu, kwa sharti alale chali siku kadhaa na aswali katika hali hiyo. Akaiacha dawa, akaishi kipofu mpaka akafa. Twasema: ule ulikuwa uchaji wake, na Mungu atamlipa. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, na katika wao Imam Nawawi, wamesema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mwenye ugonjwa wa jicho yafaa aswali hali ya kulala, akiambiwa na tabibu mwaminifu kwamba hivyo ndivyo atakavyopona. Subira ni kwa lile lisiloondoka. Ama linaloondoka kwa sababu ya halali, kuitumia sababu hiyo si kukosa subira.

Hoja ya rafiki zake ndiyo tuionayo kuwa ya hatari zaidi, kwani ya ami ina kosa la hukumu, na hii ina kosa la msingi. Jicho si lako. Ni amana, na mwenye kuwekewa amana haulizwi tu kama aliiharibu, huulizwa pia ni kwa nini aliihatarisha. Jicho la kijana huyu, kwa miwani yake, laona sawasawa. Si jicho kipofu ambalo lolote litakalofanywa ni faida. Yeye ataka kulikatia jicho linalofanya kazi. Madaktari wenyewe husema kuwa madhara makubwa ni machache, lakini yapo. Wako wanaobaki na macho makavu muda mrefu, wako wanaoona duara za mwangaza kuzunguka taa usiku, na wako ambao konea yao ni nyembamba au ina umbo lisilofaa, na hao wakipasuliwa huenda wakaharibikiwa vibaya. Kwa hiyo vipimo kabla ya kupasuliwa ni wajibu wa kisheria, si jambo la kukamilisha makaratasi tu. Na tabibu asiyethubutu kumwambia mgonjwa "wewe hufai" si mwaminifu.

Sasa tuseme yaliyotupata sisi. Kazi yetu ni kusoma na kusomesha. Macho yetu yalikuwa hayaoni mbali, lakini karibu yakiona vizuri sana. Tulikuwa tukiivua miwani, tukakisogeza kitabu karibu na uso, na hata zile hashiya za maandishi madogo pembezoni mwa vitabu vya zamani tukizisoma bila taabu. Hii ilikuwa neema, wala hatukuijua kuwa ni neema. Na kwa kuwa saa nyingi tulikuwa tumeivua, mara nyingi tulitoka msikitini miwani ikiwa mfukoni. Watu wakitupungia mkono kutoka ng'ambo ya njia, nasi twapita. Ikasemwa mtaani kuwa sheikh ana kiburi, wala hawaitikii maskini. Maneno hayo yalitufikia, yakatuumiza.

Daktari alipokwisha kutupima alituambia kuwa konea zetu zafaa. Kisha akasema neno tusilolitazamia: "Sheikh, wewe umeshapita miaka arobaini. Lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu kadiri umri unavyozidi, na leza hii haiigusi lenzi. Nikikupa macho ya mbali, hutaweza tena kusoma karibu bila miwani." Yaani alikuwa akitwambia kuwa hapa si kupewa, bali ni kubadilishana. Tungepewa nyuso za watu, na tungeondolewa vitabu mpaka kwa miwani. Tulirudi Mombasa tusiwe na uamuzi.

Tukamweleza mke wetu. Tulianza na sababu za kidini: miwani yatusumbua katika udhu, yaanguka katika sijida, yaingia ukungu kwa joto la pwani. Akatusikiliza, kisha akasema: "Hayo yote umeyastahamili miaka thelathini. Niambie kweli, wataka nini?"

Usiku ule tuliitafuta nia yetu, tukakuta nia mbili zimechanganyika. Moja ilikuwa kutaka kuwaona watu na kuwatimizia haki yao ya salamu. Ya pili ilikuwa kutaka tusisemwe. Na hizi mbili zafanana kama pacha. Msomaji atasema: "Si mngeivaa tu miwani mtokapo?" Amesema kweli. Sisi hatudai kuwa ilikuwa dharura. Ilikuwa haja iliyochanganyika na raha, na raha ya halali si dhambi, maadamu mtu haivishi kanzu ya ibada. Tulijiuliza: lau hakuna mtu hata mmoja atakayejua kuwa tumepasuliwa, wala hakuna atakayeacha kutusema, je, tutakwenda? Tuliposadiki kuwa tutakwenda, tuliswali istikhara, tukaagana na deni zetu, tukapanda gari-moshi.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Mgonjwa hulala macho, hafanywi usingizi. Tulitiwa matone ya ganzi, kope zikashikwa zisifumbe, kisha kikawekwa kipete cha kulishika jicho. Kipete hicho kilipobana, nuru ilikatika, na kwa sekunde kadhaa hatukuona chochote. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa, lakini kuambiwa si sawa na kuona giza lenyewe. Ilimu yetu yote ya tawakali, tuliyowasomesha watu miaka mingi, ilipimwa katika zile sekunde chache, na twakiri kuwa tuliogopa. Kisha nuru ikarudi. Ngozi nyembamba ya konea ikakunjuliwa kama jani la kitabu, leza ikafanya kazi yake kwa muda usiofika dakika moja kwa kila jicho, tukasikia mlio wa haraka haraka na harufu kama ya unywele ulioungua, na jani lile likarudishwa mahali pake bila kushonwa.

Tulikatazwa kuyasugua macho na kuyatia maji kwa siku kadhaa. Wengi wametuuliza juu ya udhu. Jawabu ni kuwa ndani ya jicho si wajibu kuosha asili yake. Mtu aoshe kwa uangalifu sehemu ya uso asiyokatazwa, na sehemu aliyokatazwa na tabibu aitayamamie. Na Ramadhani iliyofuata tulifunga huku tukitia matone, kwani katika madhehebu yetu kitu kitiwacho jichoni hakifunguzi. Katika tarawehe tuliziona taa za msikiti zina duara za mwangaza, na zilichukua miezi kupungua. Na leo, ndugu msomaji, tukiandika waraka huu, tumevaa miwani ya kusomea. Zile hashiya tulizokuwa tukizisoma kwa macho matupu hatuzioni tena ila kwa hiyo. Yuko aliyetucheka kwa hilo, nasi tulicheka naye.

Lakini liko moja lililobaki. Juma la pili baada ya kurudi tulitoka msikitini, tukamwona bibi mmoja wa mtaani, mjane, upande wa pili wa njia. Tulikuwa tukimpita hapo miaka mingi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tuliona vipi alivyokuwa akienda. Alikuwa akienda huku mkono wake wapapasa ukuta. Tulivuka tukamwamkia, tukayaona macho yake yamefunikwa na weupe. Tukamuuliza. Akasema: "Sheikh, mimi nilikwambia mwaka ule, ukanambia nisubiri, ni kadari." Nasi tukakumbuka kuwa kweli tulimwambia hivyo.

Weupe ule ni mtoto wa jicho. Huyo hutibiwa kwa kuondoa lenzi iliyochafuka na kutia nyingine, na aghlabu mtu hurudi kuona. Wala si ilimu ngeni kwetu. Zaidi ya miaka 900 iliyopita, Ammar al-Mawsili, tabibu Mwislamu, alikuwa akimwondoa mtoto wa jicho kwa kumfyonza kwa sindano yenye uwazi. Sisi tulikwenda Nairobi kwa sababu ya raha iliyochanganyika na haja. Yeye alikuwa na haja tupu, naye tulimpa neno. Fedha tulizolipa zingetosha yeye na mwenziwe.

Basi jawabu letu kwa kijana ni hili. Yafaa, wala si kubadilisha maumbile kunakokatazwa. Lakini yafaa kwa masharti: upimwe na tabibu mwaminifu, umuulize utakachopoteza kabla ya kumuuliza utakachopata, usikope kwa riba, na usijidanganye juu ya nia yako. Wewe ni kijana, na lile la kusoma karibu halitakufika mpaka uzeeni, lakini litakufika. Na kabla hujamlipa daktari, mtazame nyanyako na jirani zako. Akiwapo mmoja ambaye mtoto wa jicho amemzibia nuru, anza kwake.

Bibi yule alipasuliwa jicho la kulia mwaka huo huo, kwa mchango wa darasa letu. Jicho la kushoto bado. Anayetaka kushiriki katika hilo, na amwone mwalimu baada ya swala ya Ijumaa.

Wallahu aalam.