Maoni Nyuma ya Kalenda



Kuna kitabu ambacho kimezunguka katika mikono ya washirika wetu wanane tangu Januari, na majuzi kilinirudia kikiwa kimechakaa kwa namna ya kupendeza. Fundi cherehani wetu alikuwa amekifunika kwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, jinsi tulivyofunika vitabu vya shule zamani, upande mweupe ukiwa nje. Ndani kuna ukurasa wenye doa la chai. Mbele kidogo kuna risiti ya supamaketi iliyotumiwa kama alama, na mahali pengine kipande cha uzi mwekundu ambacho bila shaka kilianguka kutoka kwa fundi mwenyewe. Juu ya ule weupe wa jalada, kwa penseli, kila aliyekisoma ameandika maoni yake.

Vitabu vingi vya kikundi chetu cha usomaji tunavipata kwa kuinama, yaani kwa wale wauzaji wanaotandaza bidhaa yao chini kando ya barabara ya Tom Mboya, ambako huwezi kuchagua ukiwa umesimama wima. Hiki hakikupatikana hivyo. Mwalimu mmoja kijana alikinunua kipya dukani, akasamehe viatu alivyokuwa akidundulizia pesa. Kinaitwa The Race to Be Myself, na kilitoka Oktoba 2023. Ni tawasifu ya Caster Semenya, mkimbiaji wa mita 800 kutoka mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini. Ameandika habari za utoto wake kijijini, mpira aliocheza na wavulana, ushindi wake, na jinsi mwili wake ulivyogeuka kuwa mjadala wa dunia nzima.

Wapo waliokipenda. Mmoja ameandika kwamba alikimaliza kwa siku mbili, na stima ilipopotea akawasha tochi ya simu. Mwingine: nimefika ukurasa wa 40, yatosha. Mzee wetu mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, ameandika kwamba hakuweza kuendelea kwa sababu ya ndoa ya mwandishi na mwanamke mwenzake. Sikumlazimisha. Dhamiri ya mtu haiburutwi kwa kamba. Chini ya maneno yake kuna mwandiko mwingine, herufi kubwa za mtu asiyeshika penseli mara kwa mara, neno moja tu: maskini. Na pembeni kabisa, pale karatasi inapokunjwa kuingia ndani, kuna mstari ambao nitaurudia, maana ndio ulionifanya niandike barua hii.

Mimi mwenyewe sikuandika kitu kwenye jalada. Nilikuwa nimeshatoa maoni yangu zamani, kabla kitabu hakijaandikwa.

Ilikuwa Agosti 2009. Usiku wa tarehe 19, kule Berlin, msichana huyo akiwa na miaka 18 alikimbia mita 800 kwa dakika 1:55.45, akamwacha Janeth Jepkosgei wetu, bingwa wa Osaka 2007, kwa zaidi ya sekunde mbili. Kesho yake jioni nilipanda matatu ya 46 kutoka mjini kurudi Kawangware. Redio ilikuwa juu, ikimjadili. Kabla hatujamaliza kuipanda Valley Road, gari zima lilikuwa limekata kesi. Makanga akasema lake, abiria wa nyuma akaongeza chumvi, nami, mhubiri kijana mwenye Biblia mkobani, nikasema langu. Nililisema vizuri, watu wakacheka. Mama mmoja aliyekaa dirishani akafunga mjadala: lisemwalo lipo. Sitarudia nilichosema. Nakumbuka zaidi ule utamu wa kusikia kicheko cha watu nisiowajua.

Tuliyemcheka alikuwa rika la wasichana wanaokaa benchi la tatu kwenye kwaya yetu. Habari kwamba anapimwa ili ithibitishwe kama ni mwanamke zilivuja kabla hata hajakimbia fainali ile. Mkuu wa chama cha riadha cha nchi yake alikana kwamba amewahi kupimwa nyumbani, kisha mwezi uliofuata akakiri kuwa alisema uongo, akaomba radhi. Mambo ya ndani ya mwili wake, ambayo binti humwambia mamaye tu, na pengine hata mamaye hamwambii, yaliandikwa magazetini mabara yote.

Nakuomba wiki hii uisome sura ya tisa ya Injili ya Yohana, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Sisi wahubiri tuna haraka ya kufika kwenye muujiza, na muujiza wenyewe umekwisha katika aya chache za mwanzo. Kinachobaki ni majadiliano. Wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa kipofu, naye yupo pale pale, masikio yake ni mazima. Majirani wanabishana kama ndiye au ni mtu anayefanana naye, na yeye anasema, ni mimi. Wakubwa wanamhoji. Hawaridhiki, wanawaita wazazi wake. Wazazi wanaogopa, wanasema ana umri, mwulizeni mwenyewe. Wanamwita tena, anawasimulia tena, na mwisho wanamtupa nje. Ni ushuhuda ulioombwa mara nyingi na kusikilizwa mara chache.

Umewahi kujadiliwa ukiwa umesimama pale? Hospitalini labda, madaktari wakiongea juu ya kitanda chako. Au kwenye kikao cha ukoo, ulipokuwa hujaolewa bado, au hujapata mtoto bado, na kila shangazi akawa na neno. Kama umewahi, basi unajua jinsi mtu anavyoanza kujitazama kwa macho ya wengine, hata anapooga peke yake.

Ninampenda Bwana wetu katika sura hiyo kwa jambo ambalo miaka mingi nililipita mbio. Aliposikia kwamba yule mtu ametupwa nje, alimtafuta. Alikwenda mahali alipokuwa, wakazungumza wawili.

Sasa nirudi kwenye kikundi chetu. Tunakutana Jumatano jioni kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, watu wakishuka matatu moja kwa moja kutoka kazini, na kuna chai ya maziwa na mandazi. Kitabu ni cha Kiingereza, na baadhi ya akina mama zetu hawakisomi, kwa hiyo mwalimu husoma kipande na kukifasiri, kipande na kukifasiri. Jumatano moja kikohozi kilimzidi. Aliyekuwa karibu naye ni yule mzee aliyekataa kuendelea. Kwa adabu tu, ili usomaji usikatike, alikipokea kitabu.

Tulichosikia baada ya hapo sijakisahau. Mwandishi anasema habari zake mwenyewe, na mfasiri hana njia ya kukwepa: nilicheza, nilipimwa, nilikimbia, nilishinda. Mzee wa miaka 67, mstaafu, mwenye sauti nzito ya kusoma matangazo ya kanisa, alikaa nusu saa akisema "ni-" ya msichana. Mara ya kwanza alitabasamu kidogo kwa aibu. Kufikia mwisho hakuna aliyekuwa anatabasamu. Alipofunga kitabu akasema, alivumilia huyu. Wala hakubadili msimamo wake juu ya ndoa. Aliniambia hivyo mlangoni, na nilimwamini yote mawili.

Nimeitafakari sana hiyo "alivumilia". Katika lugha tuliyopewa, a- hiyo ni ya binti na ya mvulana, ya nyanya kizee na ya malaika. Haiulizi. Wasemao Kiingereza huona vigumu kusema hata "alikimbia" bila kwanza kuamua ni wa kike au wa kiume, na labda ndiyo sababu ugomvi wao huanza mapema kuliko mbio. Sisemi kwamba sarufi inatuponya. Matatu ile ya mwaka 2009 ilikuwa ikiongea Kiswahili. Nasema kwamba mdomoni mwetu kuna nafasi ya kumsema mtu kabla ya kumpanga.

Usidhani kikundi kizima kilikubaliana. Tunaye binti anayefanya mazoezi ya mbio alfajiri kwenye uwanja wa Kihumbuini, Kangemi, na yeye aliuliza swali ambalo singependa lifunikwe na huruma ya haraka. Mnamlilia wa kwanza, alisema, na aliyekuwa wa nne je? Alikuwa akizungumzia Rio, Agosti 2016. Semenya alipata dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, na Margaret Wambui wetu shaba kwa 1:56.89. Wa nne alikuwa Melissa Bishop wa Kanada, 1:57.02. Jaribu kupiga kofi mara moja. Tofauti yao haikuzidi hapo. Bishop naye alikuwa ameamka alfajiri miaka yote hiyo. Mama mmoja akataka kumjibu, nikamwomba tunyamaze kidogo, kwa sababu swali lilikuwa la haki na lilitoka kwa mtu anayejua baridi ya saa kumi na moja. Upendo unaochagua chozi moja na kuliacha jingine bado haujakua. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimpa chai.

Lakini alipomtaja Wambui, kuna kitu kilinichoma. Mwaka 2018 shirikisho la riadha la dunia lilitangaza kanuni kwamba wanawake ambao kwa maumbile miili yao hutoa homoni ya testosteroni nyingi kuliko kawaida ya wanawake, wakitaka kushindana kimataifa kuanzia mita 400 hadi maili moja, washushe kiwango chake mwilini. Semenya alikuwa amewahi kumeza dawa za kuishusha miaka ya nyuma na anasema zilimwumiza. Safari hii alikataa. Kanuni hiyo iliwagusa wote watatu waliosimama jukwaani Rio. Niyonsaba alihamia mbio ndefu. Wambui, mtoto wa Nyeri, bingwa wa dunia wa vijana wa mwaka 2014, mbio zake zilikatika. Alipoleta shaba tulipiga vigelegele. Alipoacha kuonekana viwanjani, sikumbuki kama niliwahi kulitaja jina lake katika maombi ya Jumapili hata mara moja.

Semenya alikwenda mahakamani. Mwaka 2019 mahakama ya michezo iliyoko Uswisi ilimkatalia, majaji wawili kwa mmoja. Aliendelea, akaipeleka kesi hadi mahakama ya juu ya nchi hiyo. Tarehe 10 Julai 2025, kule Strasbourg, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu ambayo wengi waliisoma kwa haraka. Haikuamua nani akimbie na nani asikimbie. Kanuni zilibaki mahali pake. Ilichosema ni kwamba mahakama ya juu ya Uswisi haikumsikiliza ipasavyo. Miaka 16 tangu Berlin, mpendwa, na alichopata ni neno hilo: hukusikilizwa ipasavyo. Je, kuna mtu nyumbani kwako anayengoja neno kama hilo kutoka kwako?

Nilikuwa naye mmoja, nami sikujua. Ule mstari wa pembeni ya jalada uliandikwa na mama mmoja ambaye mikutano yote alikaa kimya akimenya njegere za kesho. Yeye na binti yake wameniruhusu kuusema hapa. Unasema hivi: wangu pia huambiwa ni kijana, na Mchungaji alishawahi kumwita hivyo.

Nilikaa na kitabu mapajani kwa muda mrefu. Kumbukumbu ilikuja taratibu. Semina ya vijana, miaka minne iliyopita. Binti mrefu, mabega mapana, sauti ya chini, golikipa wa timu ya mtaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwapokea, nikatania, na watu wakacheka. Ule utamu tena.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilimkuta uani, ameketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akikwangua matope kwenye njumu zake kwa kisu cha mezani. Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba siku ile nilimwita kijana mbele ya wenzake, na nimekuja kumwomba msamaha. Hakuacha kukwangua.

"Hukusema kijana, Mchungaji," akanisahihisha kwa upole. "Ulisema, 'Kaka, wapishe wasichana waingie kwanza.'"

Neno kwa neno. Nilikuwa nimesahau hata dhambi yenyewe ilivyokuwa, na yeye ndiye aliyekuwa ameitunza miaka yote hiyo, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa abiria aliyeshuka. Basi nikaomba msamaha upya, safari hii kwa maneno yenyewe. Akasema, "Sawa." Hapa kwetu Nairobi sawa ina maana nyingi, na sikuipima. Mama yake akaleta chai. Tukazungumza juu ya mechi ya kesho yake, na nilipoinuka kwenda akaniuliza kitabu nilichokibana kwapani ni kipi.

Kiko kwake sasa, wiki ya tatu hii. Jumapili nilimwona nacho, amekishika pamoja na kitabu cha nyimbo. Jalada lilikuwa limejaa penseli pande zote, kwa hiyo fundi amemkatia karatasi nyingine ya kalenda, miezi ya Julai na Agosti, akaivalisha juu ya ile ya kwanza. Sijamuuliza maoni yake.