Elimu ya Mwili wa Binadamu na Fardhi Iliyo Shingoni Mwetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vilivyo hai na Mwenye kuvifufua vilivyokufa. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baadu:

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka wamo vijana wetu wa mwambao wapatao nafasi katika vyuo vikuu kusoma sayansi za tiba. Mlangoni mwa masomo hayo hukutana na elimu mbili zisizoepukika. Ya kwanza ni elimu ya viungo vya mwili, ambayo wanavyuoni wetu wa kale waliiita tashrihi, na leo huitwa anatomia. Ya pili ni elimu ya kazi za viungo hivyo, iitwayo fiziolojia. Ile humwonyesha mwanafunzi kila mfupa na kila mshipa mahali pake. Hii humweleza wafanya kazi gani, na huharibika vipi.

Khabari hizi zifikapo barazani, maneno huanza. Mmoja asema: mtoto atapasua maiti, na maiti ana hishima yake. Wa pili asema: hii ni elimu ya makafiri, huanza kwa mifupa ikaishia kwa kuharibu itikadi. Wa tatu asema: mwana wa kiume na aende, lakini binti asithubutu. Mzazi akisha kuyasikia haya humwita mwanawe akamwambia abadilishe masomo, naye mtoto mwenye adabu hutii. Tumeulizwa suala hili na zaidi ya mzazi mmoja, na tumeona tulijibu kwa uwazi, kwani likiachwa barazani litahukumiwa na wasiolijua.

Kwanza jueni kwamba kuutazama mwili wa mwanadamu kwa mazingatio ni jambo tuliloamrishwa. Katika Sura ya Adh-Dhariyat Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa zimo ishara ndani ya nafsi zetu wenyewe, kisha akatuuliza kwa kutulaumu kama hatuzioni. Na katika Sura ya At-Tariq amemwamrisha mtu atazame ameumbwa kwa kitu gani. Mwenye kusoma Aya hizi kila siku, kisha asijue moyo wake uko upande gani wala figo zake zina kazi gani, ameisoma amri wala hakuitekeleza.

Na tuchukue figo hizo ziwe mfano. Ni mbili, kila moja yakaribia ukubwa wa ngumi, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo vikaribiavyo milioni. Damu hupita humo, na kwa siku moja maji yachujwayo hufika kiasi cha lita 180. Lakini mkojo autoao mtu mzima kwa kawaida ni lita moja na nusu, au mbili. Mengine yote hurudishwa mwilini, pamoja na chumvi na sukari ihitajiwayo. Lau yasingerudishwa, mtu angekauka akafa kabla ya kupita saa chache. Kazi hii yafanyika usiku na mchana, nasi tumelala, tumekula, tumesahau hata kushukuru.

Sasa sikilizeni kwa nini hili latuhusu sisi watu wa miji hii. Kisukari na presha, maradhi yaliyoenea majumbani mwetu, huviharibu vichujio hivyo kimya kimya, miaka kwa miaka, pasi na maumivu. Mgonjwa hula mahamri, hunywa chai iliyojaa sukari, na hujiona mzima. Siku aivimbapo miguu na pumzi zikamwia fupi, vichujio vingi vimekwisha kufa, wala havioti tena. Ndipo aambiwapo kuwa damu yake haina budi kusafishwa kwa mashine kila wiki. Na wangapi kabla ya siku hiyo walizungushwa kwa waganga, wakaambiwa kuwa ni jini au ni kijicho cha jirani! Pesa zikaliwa, ujirani ukavunjika, na figo zikaendelea kufa. Mtume (rehema na amani zimfikie) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Basi dawa hiyo itafutwe na nani, ikiwa hapana miongoni mwetu ajuaye kiungo kizima kilivyo, apate kujua kilichougua?

Ama yule asemaye kuwa hii ni elimu ya makafiri, huyo hawajui wazee wake. Abdul-Latif wa Baghdad, mwanachuoni aliyefariki mwaka 629 Hijria, sawa na 1231, alikuwako Misri wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1200. Watu walikufa kwa wingi hata mifupa ikawa vilima. Matabibu wote wa zama zile walikuwa wakimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani, aliyesema kuwa utaya wa chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abdul-Latif alikwenda kwenye mifupa ile akatazama utaya mmoja baada ya mmoja, mpaka akatosheka kuwa ni mfupa mmoja usio na kiungo. Akaandika aliyoyaona, na akaueleza ushahidi wa macho kuwa wa kutegemewa zaidi kuliko kauli ya Galen, pamoja na cheo chake chote. Watu walikuwa wameufuata ukale kwa zaidi ya miaka elfu, na kila mmoja wao alikuwa na utaya wake mwenyewe usoni!

Na baada yake alikuja Ala-ud-Din Ibn an-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria, yaani 1288. Huyu alikuwa tabibu, na alikuwa faqihi wa madhehebu yetu ya Shafii, akisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriya. Galen alidai kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana. Ibn an-Nafis, katika sherehe aliyoiandika mwaka 1242, alikanusha: ukuta ule ni mnene, hauna vitundu, damu haina budi kwenda mapafuni, ikachanganyike na hewa, kisha irejee upande wa kushoto. Ndivyo ilivyo, na ndivyo wanafunzi wafunzwavyo hata leo. Mwingereza William Harvey alikieleza kitabuni mzunguko mzima wa damu mwaka 1628, karibu karne nne baadaye.

Lakini tusijivune kwa makaburi. Maneno hayo ya Ibn an-Nafis yalilala katika maktaba, nasi wenyewe hatuna khabari nayo, mpaka mwaka 1924 ambapo Mmisri aliyekwenda kusoma utabibu Ujerumani, Muhyiddin at-Tatawi, aliikuta nusukha yake Berlin akaiandikia tasnifu yake. Urithi wetu ulifunguliwa na kijana aliyetoka kwenda kusoma. Lau babake angalimwambia akae nyumbani, huenda tungalikuwa hatuujui mpaka leo.

Sasa tuje kwenye suala zito, nalo ni maiti. Yule aliyesema kuwa maiti ana hishima amesema kweli. Mtume (rehema na amani zimfikie) amelilinganisha kosa la kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Na Ibn an-Nafis mwenyewe, tuliyemsifu hivi punde, ameeleza kuwa sheria na huruma vilimzuia asipasue. Hatulifichi hili.

Hata hivyo, mafaqihi wetu hawakuishia hapo. Katika madhehebu ya Shafii, mwanamke akifa na tumboni mna mtoto atarajiwaye kuwa hai, tumbo lake hupasuliwa ili mtoto aokolewe. Wametanguliza uhai wa aliye hai juu ya hishima ya maiti, wala hawakuiondoa hishima hiyo. Juu ya msingi huu wa maslaha na dharura, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka mwaka 1408 Hijria, yaani 1987, likatoa uamuzi kwamba yajuzu kupasua maiti kwa haja tatu: kuchunguza jinai, kuyajua maradhi, na kufundisha elimu ya tiba. Likaweka na masharti. Maiti ajulikanaye awe ameridhia katika uhai wake, au warithi wake wawe wametoa idhini. Kupasua kusipite kadiri ya haja, maiti asije akachezewa. Maiti wa kike wasipasuliwe ila na matabibu wa kike, isipokuwa wakikosekana. Na viungo vyote vizikwe.

Enyi vijana mlio masomoni, masharti haya ni amana mikononi mwenu. Yule mliyelazwa mbele yake mezani alikuwa na jina, na mama aliyemnyonyesha. Msimfanyie mzaha, msimpige picha, msimfunue pasipohitajiwa kufunuliwa. Mwalimu wa kwanza atakayekufunzeni njia ya mishipa ni yeye, naye hakutoza ada. Na palipo na mifupa ya kuigizwa, au picha zitoshazo kwa somo la siku hiyo, basi tosheka nazo, kwani dharura hukadiriwa kwa kadiri yake.

Ama kuhusu mabinti, hebu litazameni lile sharti la tatu kwa mara ya pili. Vipi litatekelezwa sharti la kuwa maiti wa kike ahudumiwe na wanawake, ikiwa kila mzazi amemzuia bintiye? Sisi ndio tulalamikao kuwa wake zetu hufunuliwa mbele ya wanaume wakati wa kujifungua, na sisi ndio tuzuiao mabinti wasisome ili lalama hiyo iondoke. Mambo mawili haya hayakai pamoja. Bibi Rubayyi binti Muawwidh na wanawake wenziwe walitoka pamoja na Mtume vitani, wakiwanywesha watu na kuwauguza majeruhi, wala hapana aliyewaaibisha. Binti na aende na stara yake na dini yake, na mzazi ajue anasoma wapi na analala wapi. Hilo ni wajibu wake, hata kwa mwana wa kiume.

Twawaonya wanafunzi juu ya mambo mawili. La kwanza ni kukariri bila ya kufahamu. Nyinyi mliohifadhi chuoni mna nguvu ya kumbukumbu, na mifupa 206 ya mtu mzima haitakushindeni kuitaja. Lakini mgonjwa hatakuulizeni majina. Atataka mjue kwa nini mguu wake umekufa ganzi. La pili ni kuilazimisha Qurani na Hadithi ziafikiane na kila kitabu kipya cha sayansi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mwanadamu ameumbwa juu ya viungo 360, na kwamba kila kimoja kina sadaka yake. Mafunzo ya Hadithi hiyo ni shukrani na sadaka. Msiifanye uwanja wa kubishana hesabu na wasioamini, kwani vitabu vya sayansi husahihishwa, na dini haingojei kusahihishwa navyo.

Mwisho twaugeukia mji mzima. Wanavyuoni wamesema kuwa utabibu ni fardhi ya kifaya: wakitosha wa kuutekeleza, wengine husamehewa, wasipotosha, dhambi ni ya wote wenye uwezo, yule aliyezuia na yule aliyenyamaza. Ibn an-Nafis alipokaribia kufa aliiweka nyumba yake na vitabu vyake kuwa waqfu kwa hospitali ya Mansuri ya Cairo. Basi mwenye mali kati yetu, kabla hajaongeza taa ya kioo msikitini, na aulize kama yuko mtoto wa mtaa wake aliyerejeshwa nyumbani kwa ada. Mwenye msikiti na atoe usiku mmoja kwa mwezi, baina ya Magharibi na Isha, wanafunzi hawa watueleze juu ya figo, moyo na sukari kwa lugha yetu, na tupimwe presha papo hapo. Na mwenye baraza na achunge ulimi wake, asije akamvunja moyo kijana ambaye kesho huenda akawa ndiye atakayeitwa kitandani pake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde na kiburi chake, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu wote waliotutangulia, wanaojulikana kwa majina na wasiojulikana. Amin.