Msomaji Asiye na Jina: Kazi na Maarifa Katika Uchumi wa Leo

Mnamo mwaka wa 1959, Peter Drucker alimtaja mfanyakazi wa aina mpya, ambaye chombo chake cha kazi ni maarifa. Tangu hapo imezoeleka kudaiwa kwamba kazi ya namna hii humkomboa binadamu, kwa kuwa kilichomo kichwani mwake hakiwezi kuporwa na mwajiri. Makala haya yanakusudia kulihoji dai hilo.

Mwishoni mwa mwaka wa 2021, kampuni ya Sama, kwa niaba ya OpenAI, iliwapa wafanyakazi jijini Nairobi vifungu vya maandishi wavisome na kuvipambanua: hiki cha matusi, kile cha ukatili, kingine cha kuwadhulumu watoto kingono. Mnamo Januari 2023, jarida la Time lilifichua kwamba ujira wao haukufika dola 2 kwa saa. Waliohojiwa walisema kwamba usomaji huo uliwaachia majeraha ya nafsi.

Kwa hakika, kazi hiyo ni jamaa ya uhakiki. Mhakiki naye husoma, hupima muktadha, kisha hutoa hukumu. Uwezo wa kutenga masimulizi ya ukatili na uchochezi wa ukatili, mashine iliupata kwa watu waliolelewa katika lugha na kuonja maisha. Lakini mhakiki hutia jina lake na kueleza sababu zake, ilhali msomaji huyu huacha alama tu. Mashine ikishajifunza kutokana na alama hizo, yeye hahitajiki tena.

Hapo ndipo penye kiini cha suala letu. Mwanagenzi wa seremala alilipwa kidogo, lakini alipotoka karakanani alitoka na ujuzi. Msomaji wetu huuacha ujuzi wake ndani ya chombo cha mwingine. Yamkini tutajibiwa kwamba alitia sahihi mkataba kwa hiari, na kwamba kazi hiyo ni afadhali kuliko kukosa kazi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Hata hivyo, hiari ya mhitaji ni finyu, na malipo ya saa moja hayapimi thamani ya hukumu itakayotumika miaka mingi bila yeye.

Kwa hivyo, haki yake haikomei kwenye ujira. Anastahili kujua kazi yake itatumiwaje, kutibiwa anapojeruhiwa, na kutambuliwa kuwa mmoja wa walioyaunda maarifa hayo. Wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za jamii hii walipokutana Nairobi tarehe 1 Mei 2023 na kuazimia kuunda chama chao, walianza kwa kujitambulisha hadharani. Pasipo utambulisho huo, hatuwezi hata kuuliza nani anamdai nani.