Macho ya Mbunge

Anayesimama barazani kusema, anawadai nini wanaomsikiliza? Masikio tu, au na macho pia? Swali hili limenijia kwa kutazama picha za mabunge ya siku hizi, ambamo kila kiti kimewekewa skrini mbele yake.

Bunge la Korea Kusini, mjini Seoul, limekuwa hivyo tangu mwaka 2005. Mbunge husoma mswada kwenye skrini iliyofungwa mezani pake, na hapo hapo hubonyeza kura yake, ikadhihiri pamoja na jina lake kwenye ubao mkubwa ukutani. Makaratasi yamepungua, na mpiga kura hana pa kujificha.

London walishika njia nyingine. Ukumbi wa wabunge wa kuchaguliwa ulibomolewa kwa mabomu mwaka 1941. Mwaka 1943 Churchill alishikilia ujengwe upya mdogo vile vile, usio na meza. Hata leo wabunge ni 650 na nafasi za kukaa ni kama 427, na siku ya mjadala mzito wengine husimama. Skrini kitini hakuna. Lakini tusiwasifu mno: tangu mwaka 2011 wameruhusiwa kutumia simu na kompyuta za mkononi mle ndani, na vichwa huinama vile vile.

Sisi tuliolelewa na ushairi huipenda sauti, nayo sauti hulaghai. Msemaji hodari aweza kukiremba kifungu kiovu mpaka kikasikika kama wasia wa mzee. Mwenye kifungu chenyewe mbele ya macho yake, neno kwa neno, hana udhuru wa kulaghaika. Na asiyesikia vyema naye hupata kusoma. Siwezi, basi, kuilaani skrini. Ninalodai ni wakati wake: mswada usomwe kabla, na mwenzio anapoeleza habari za watu wasiokuwemo ukumbini, umtazame. Usoni mwako ndimo atakamoona kama hoja yake imeingia au imeanguka.

Kule Seoul mgongo wa skrini nao ulipata kazi. Wabunge walizoea kubandika hapo mabango ya kushutumiana, hata Oktoba 2023 vyama viwili vikubwa vikakubaliana kuacha kuingia nayo ukumbini. Mgongo huo huelekea mimbari. Aliyesimama kusema, alipotafuta nyuso, alikuta mabango.