AMANI YA MJINI NA KHOFU YA SHAMBA



Katika mambo ambayo watu wa pwani husifia miji yao ni amani. Mtu wa Malindi au wa Kilifi akiulizwa khabari za kwao, hukujibu kuwa hatujambo, watu wanatoka baada ya Isha na kurudi majumbani kwa miguu, na maduka yanafunguliwa asubuhi yakakutwa kama yalivyoachwa. Maneno haya ni mazuri, na neema ni ya kushukuriwa. Lakini mwenye akili hupaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kushukuru: amani hiyo ni ya nani, na imepimwa kwa kipimo gani?

Kipimo kinachotajwa sana siku hizi ni hesabu. Kila mwaka Shirika la Takwimu la Kenya hutoa kitabu cha hali ya uchumi, na ndani yake mna idadi ya makosa ya jinai yaliyofikishwa kwa polisi katika kaunti zote 47. Watu huzitazama tarakimu hizo, wakailinganisha kaunti yao na nyingine, wakafurahi au wakahuzunika. Si vibaya kufanya hivyo. Hesabu ni elimu, na anayeidharau hudhurika. Ila yatupasa kufahamu hesabu hiyo inahesabu nini. Haihesabu makosa yaliyotendeka. Inahesabu makosa yaliyopelekewa polisi wakayaandika katika daftari lao. Na baina ya mambo haya mawili pana masafa marefu.

Twaeni mfano wa Kaunti ya Kilifi. Katika sensa ya mwaka ​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​​2019 ilikuwa na watu 1,453,787, katika ardhi ipitayo kilomita za mraba 12,000. Upande wa bahari kuna Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi, miji iliyofungamana kwa barabara ya lami, yenye vituo vya polisi, mahakama, taa na walinzi wa milangoni. Upande wa bara kuna Ganze, na kuna Magarini, ambako nyumba moja na nyingine hutengwa na mashamba na misitu, na mtu akitaka kushitaki huenda akatembea nusu siku. Aliyeibiwa simu Mtwapa hufika kituoni kabla jasho halijamkauka. Mjane aliyetishwa na shemeji zake huko shamba, nauli hana, na anayemtisha ndiye anayelala naye ua mmoja. La kwanza litaandikwa, na la pili halitaandikwa. Basi huenda mahala penye makosa mengi katika daftari pakawa ndipo penye msaada wa karibu, na mahala penye machache pakawa ndipo penye watu walionyamaza.

Kisha huja wastani. Tukichukua makosa ya kaunti nzima tukayagawa kwa watu wake wote, tutapata tarakimu moja, na tarakimu hiyo haitakuwa hali ya mtu yeyote. Ni kama nyumba ya vyumba viwili, kimoja kinavuja na kimoja kikavu. Mwenye kuhesabu akisema nyumba hii ina unyevu kidogo, amesema kweli katika hesabu yake, lakini aliyelala katika maji hakufaidika na kweli hiyo.

Tuingie sasa katika jambo lenyewe. Kwa miaka mingi zimekuwa zikitoka Kilifi, na Kwale pia, khabari za wazee kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Aghlabu huwa ni mzee mwanamume mwenye mvi, aliyevamiwa usiku nyumbani kwake na kukatwa mapanga. Yamejulikana hata ya wazee waliotia nywele zao rangi nyeusi ili wasionekane uzee wao. Huko Ganze, mahala paitwapo Kaya Godoma, pamefanywa makimbilio ya wazee waliotuhumiwa, ambao hawakuweza tena kukaa kwa watoto wao wenyewe. Ni msiba gani mkubwa kuliko huu, kwamba mvi, ambazo kwa desturi zetu ndizo zilizokuwa zikimpa mtu kiti cha mbele barazani, zimekuwa ndiyo hujja ya kumwulia?

Na tukifuata mkondo wa jambo hili mpaka kwenye chemchemi yake, mara nyingi hatuukuti uchawi, tunakuta ardhi. Wanaoshughulika na mambo haya, wa serikali na wasio wa serikali, wamesema tena na tena kuwa nyuma ya tuhuma huwa pana shamba ambalo mzee hajaligawa, au hataki liuzwe, na pana mwana au mpwa ambaye subira imemwisha. Neno "mchawi" hutumika kama kitambaa cha kufunikia kisu. Kwani anayesema "namwua baba yangu nipate shamba" atalaaniwa na kijiji kizima. Lakini anayesema "nimeiokoa jamaa yangu na mchawi" huenda akapata hata wa kumpa mkono.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa la tabia na wala si la polisi peke yao. Mauaji haya hayaanzi kwa panga. Huanza kwa neno. Mtoto huugua, au kijana hukosa kazi, au mazishi mawili hufuatana katika mji mmoja. Mtu mmoja hunong'ona jina. Wa pili hulichukua jina lile akalipeleka kwa mganga, na mganga naye, kwa kuwa amelipwa, hamrudishi mteja wake mikono mitupu. Likirudi, jina lile huwa si dhana tena bali ni khabari. Watu husema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani." Methali hii ni nzuri kwa mwenye kujihadhari na mvua; lakini ikipelekwa penye roho ya mtu ni sumu, kwani huwafanya wanong'onaji kuwa ndio mashahidi, na wingi wa midomo kuwa ndio ithibati. Kusemwa kwa jambo mara mia hakuligeuzi likawa kweli. Sheria yetu tuliyosoma vyuoni humtaka mwenye kudai ndiye alete ushahidi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo humhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, ilifanya kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi mbele za watu bila ya kupeleka jambo lake kwa wenye mamlaka. Basi mzee yule amehukumiwa na mahakama gani?

Pengine msomaji wa mjini atasema: "Haya ni mambo ya shamba. Sisi yatuhusu nini?" Jawabu yake ni kuwa mji na shamba si nchi mbili. Kijana anayeamini kuwa amefungwa riziki yake, mara nyingi yuko mjini. Mganga anayemtazamia, mara nyingi yuko mjini, na wengine wao wamevaa kanzu na kofia, wanapiga ramli na kuandika makombe, na sisi tunawaita masheikh. Fedha za kumlipa aliyeshika panga hazichumwi mtini. Hutoka kwa mwenye mshahara au mwenye kuuza kiwanja. Na kiwanja kikishauzwa, mnunuzi huwa ni nani? Ni mtu wa mjini, ambaye hakuuliza mwenyewe alikufaje. Khofu inalala shamba, lakini chakula chake hupikwa pia mjini.

Tusikosee hapa. Simwambii kila mtu wa mjini kuwa ni muuaji. Hatia ina mipaka yake, na insafu hutaka tuiweke mahala pake. Aliyeua si sawa na aliyetuma, na aliyetuma si sawa na aliyenong'ona, na aliyenong'ona si sawa na aliyesikia akanyamaza. Lakini kutokuwa sawa si kutokuwa na sehemu. Aliyesikia jina la mzee likitajwa barazani, akajua litapelekea wapi, kisha akanywa kahawa yake akaondoka, hakuua. Ila alikuwa na uwezo wa kuokoa akauacha. Na yuko wa tano, ambaye hujidhani kuwa ni msafi kuliko wote: asiyejua kwa kuwa hakutaka kujua.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Muqaddima yake kuwa watu wa mjini huukabidhi ulinzi wa nafsi zao na mali zao kwa mtawala na askari wake, wakajitegemeza kwa kuta zinazowazunguka, hata ule ushujaa wa kujilinda ukawatoka. Hakusema hivyo kwa kuwatukana. Alikuwa akieleza tabia inavyojengwa na maisha. Nasi tukijitazama tutaiona hali hiyo hiyo. Tumeajiri walinzi, tumeweka vyuma madirishani, na tumedhani kuwa amani ni kitu kinachonunuliwa kwa mwezi. Kinachonunuliwa hivyo ni ulinzi wa mlango. Amani ni jambo jingine: ni watu kujua kuwa akidhulumiwa mmoja wao, wengine hawatanyamaza.

Khatari ya kunyamaza tuliiona mwaka 2023, katika kaunti hii hii. Katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wanaume, wanawake na watoto, waliohusishwa na mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Kamati ya Seneti iliyochunguza msiba huo ilieleza kuwa maonyo yalikuwa yametolewa mapema wala hayakufuatwa kama ilivyopasa. Wala asiseme Muislamu kuwa hayo ni ya dini ya wenzetu. Watoto waliokufa kwa njaa si hujja ya kushindania dini. La kuzingatia ni hili: siku watu wale walipokuwa wakizikwa mmoja mmoja msituni, daftari la polisi lilikuwa halina idadi yao. Kwa hesabu ya siku zile, msitu ule ulikuwa mtulivu.

Pengine atatokea mwengine aseme: "Mambo ya ukoo humalizwa na ukoo. Kwenda polisi ni kufedhehesha nyumba." Hili ni pingamizi zito, kwani sulhu ni njema na aibu ni sehemu ya murua. Lakini sulhu hufanywa baina ya watu wawili walio hai, kila mmoja na ulimi wake. Mzee aliyekwisha kuzikwa amesuluhishwa na nani? Na ikiwa wanaokaa kumsamehe muuaji ndio hao hao watakaogawana shamba, huo ni usamehevu au ni ushirika? Mficha uchi hazai, na ukoo unaoficha damu haupati heshima, hupata muuaji aliyezoea.

Katika fiqhi pana hukumu ambayo kila aliyesoma mirathi anaijua: muuaji hamrithi aliyemwua. Sheria ya Urithi ya Kenya nayo imefuata njia hiyo. Wangapi katika sisi wamepata kuieleza hukumu hii mbele za watu, mjini au shamba? Lau ingejulikana, na lau jamaa wangekataa kumwona muuaji akilima ardhi ya damu, na mnunuzi wa mjini akakataa kuinunua, tamaa ingepoteza faida yake. Mwizi hupungua soko la mali ya wizi linapofungwa.

Basi tufanye nini? Sitaki kuwataka watu mambo wasiyoyaweza. La kwanza, jina la mtu likitajwa kwa uchawi mbele yako, uliza hapo hapo: "Una ushahidi gani?" Swali hili halina gharama, nalo huvunja mnong'ono kabla haujapata miguu. La pili, tuwaache wapiga ramli wa mjini na wa shamba, kwani hao ndio wanaoipa dhana mhuri. La tatu, wazee wetu wahimizwe kuandikisha mashamba yao na kuweka wazi haki ya kila mtu wakiwa hai, ili kifo chao kisiwe na faida ya haraka kwa yeyote. La nne, mwenye kujua jambo na apeleke khabari kwa chifu, kwa imamu, au kwa polisi, na aliye na gari mjini amchukue aliye na khofu shamba. La tano, tusikae kuwalaumu polisi tu. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 imeweka katika kila kaunti baraza la usalama lenye wajumbe wa kiraia. Tuulize wetu ni nani, na wanasema nini juu ya wazee hawa.

Na tubadili kipimo chetu. Anayetaka kujua kama kaunti ina amani asimwulize tajiri mwenye ukuta, wala asitosheke na idadi iliyoandikwa kitabuni. Na aende akamwulize mzee wa miaka themanini, mwenye ekari zake kumi na mvi zake, katika nyumba ya udongo iliyo mbali na barabara: usiku mbwa akibweka, unafikiri nini? Akijibu kuwa hufikiri fisi au mwizi wa kuku, tumshukuru Mungu. Akijibu kuwa humfikiri mwanawe, basi sisi sote, wa mjini na wa shamba, hatujapata amani bado.

Wabillahi tawfiq.