Mnunuzi wa Mashua ya Vita

Katika bandari za Ulaya na Marekani huonekana mara kwa mara mashua kuukuu za mota, za mbao, ambazo zamani zilikuwa mali ya majeshi ya bahari, nazo sasa zangoja mnunuzi. Bei yake aghalabu ni ndogo. Methali yasema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini chombo cha namna hii huivunja kanuni hiyo: ni kizuri, wala hakijiuzi. Atoaye fedha hapati mbao na misumari tu. Hupokea pamoja nayo sifa ya watu wengine, ambao wengi wao wamekwisha kufa. Sifa hiyo haiandikwi katika hati ya mauzo. Je, ina haki gani juu ya mnunuzi?

Yafaa ikumbukwe kwanza ya kuwa mashua hizi hazikuundwa ili zidumu. Mashua za topido za Marekani, zijulikanazo kwa herufi PT, zilivikwa matabaka mawili ya mbao za mkangazi yaliyopishana kimshazari, na katikati yake kitambaa kilichotiwa gundi. Injini zake tatu za petroli zilizipa mbio, na mbio ndizo zilizokuwa ngao yake, maana ubavu wa mbao hauzuii risasi. Mwishoni mwa mwaka 1945, vita vilipokwisha, zaidi ya 100 zilikusanywa katika kisiwa cha Samar, nchi ya Ufilipino, zikachomwa moto kwa amri ya wenyewe. Zilikuwa zimemaliza kazi, na waliozichoma hawakudhani kwamba watu watazililia.

Moja iliyosalimika ni PT-305, iliyoundwa New Orleans katika kiwanda cha Higgins, ikapigana katika Bahari ya Kati. Mwaka 1948 iliuzwa. Ikawa chombo cha kutembeza watu huko New York, na miaka mingi baadaye ikatumika katika kazi ya chaza kwenye ghuba ya Chesapeake. Urefu wake ulikuwa futi 78. Lakini sheria ilidai nahodha mwenye cheti kwa chombo kirefu kuliko futi 65, basi tezi yake ikakatwa futi 13 ili kuikwepa gharama hiyo.

Mpenda historia akisikia habari hii hushika kichwa. Walakini hukumu isikatwe kwa haraka. Chombo chenye kazi hutazamwa kila siku, na ufa wake huzibwa mapema, kwa sababu riziki ya mtu imo ndani yake. Mwaka 2007 makumbusho ya vita ya New Orleans yaliichukua PT-305, watu wa kujitolea wakaitengeneza kwa muda wa miaka kama 10, na tezi ikaundwa upya. Walipata cha kutengeneza. Msumeno ulimwibia mzee huyu kipande cha mwili, lakini kazi ilimwachia uhai; na ziko mashua nyingine zilizonunuliwa kwa mapenzi makubwa, zikafunikwa turubai, zikaoza kwa heshima.

Hapa ndipo mapenzi yadanganyapo. Fundi wa Lamu aliyezoea kupiga kalafati kati ya mbao za jahazi angeshangaa kuona kwamba hapa dawa hiyo haifai. Maji ya mvua, ambayo ni adui mbaya kuliko maji ya chumvi, yakipenya kati ya matabaka mawili, mbao huoza zikiwa zimefichwa, na rangi ya nje yang'aa kama siku ya arusi. Mwenye kuuza akijua jambo hilo na kunyamaza ni mwongo, hata kama hakuulizwa. Mwenye kununua bila kumwita fundi mwenye nyundo na kisu ajipatia huzuni kwa fedha zake mwenyewe, na huzuni hiyo ataitupia bahari lawama.

Swali la mbao mpya ni la kale. Plutarch aliandika ya kwamba Waathene waliitunza meli ya Theseus kwa kuziondoa mbao zilizochakaa na kutia nyingine, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema ni ile ile, wengine si ile. Kwa mnunuzi wa mashua ya vita ugomvi huo ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Atie mbao mpya kadiri ya haja, ila asimwambie mgeni, akimwonyesha ubao wa juzi, kwamba juu yake alisimama baharia fulani. Daftari ya matengenezo ni sehemu ya chombo kama mkuku na mataruma yalivyo.

Kuna na wajibu mgumu zaidi, nao ni kuachilia. Mashua ya Waingereza MTB 102, iliyoundwa na Vosper mwaka 1937, ilikuwa Dunkirk mwaka 1940 katika kuwaokoa askari waliozingirwa. Baada ya vita iligeuzwa chombo cha starehe cha watu binafsi. Mwaka 1973 iliingia mikononi mwa maskauti wa baharini wa Norfolk, vijana wasiokuwa na mali, ambao kwao ubavu wa mashua ile ulikuwa mahali pa kujifunza kukwangua rangi, kufunga kamba na kusikilizana.