Mto Pangani Una Haki Yake

Wajukuu zangu mliozaliwa Pangani na Bweni, mto huu mnauvuka kila siku, na anayeuvuka kila siku hujiona anaujua. Hebu nisikilizeni.

Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, husafiri karibu kilomita 500, na yakifika hapa mlangoni huikuta bahari. Mara mbili kwa siku bahari hupanda mtoni, mara mbili hurudi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo ni za bamvua: maji hujaa mno, hupwa mno, na mkondo huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Tena kila siku maji huchelewa karibu dakika 50, basi saa uliyovukia jana usiitegemee leo. Jueni hilo kabla ya kushika kasia.

Njia hii ya maji ndiyo iliyoujenga mji. Misafara ilishusha pembe za ndovu hapa, na watu pia, waliotiwa minyororo wakauzwa. Msiyasifu majumba ya kale mkawasahau hao. Na hapa Pangani, Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim kwa kuongoza vita dhidi yao.

Sasa jambo linaloniuma. Maji ya chumvi ni mazito, hupita chini ya maji baridi. Unaweza kuteka juu ukaonja maji matamu, kumbe chini chumvi imekwisha kupenya. Kinachoizuia isipande zaidi ni nguvu ya maji ya bara. Tangu miaka ya 1960 bwawa la Nyumba ya Mungu huyazuia huko juu, na mashamba ya umwagiliaji huyanywa njiani. Yakipungua, chumvi hupanda, na minazi ya kando ya mto hufa ikiwa imesimama.

Nanyi huku mlangoni mna wajibu wenu: msikate mikoko ovyo kwa ajili ya nguzo na mkaa. Mizizi yake hushika tope la kingo, na ndani yake ndimo kamba na vifaranga vya samaki wanamokulia. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ikiita wadau, msiwaachie watu wa juu peke yao. Nendeni mkawaambie kwamba maji yanayofika baharini hayajapotea, ndiyo yanayotulisha sisi wa mlangoni.